Nilivyokanyagwa Mgongo Wiki ya Wakwe

Mgongo ulinishika shambani Igurwa, nimeinama nang'oa maharage. Nikataka kuinuka, ukakataa. Nikarudi nyumbani nimejikunja, natazama vidole vyangu vya miguu kama mtu aliyeangusha sindano. Na wiki ile ile wakwe walikuwa wanakuja kumposa mjukuu wangu, mimi ndiye bibi wa kupiga magoti mkekani kuwapokea.

Wifi yangu akafurahi. Hakusema, ila ile sauti yake ya puani naijua: "Pole wifi yangu. Wewe pumzika tu. Mkekani nitakaa mimi, nguo ninayo." Kumbe alishaipiga pasi.

Nikasema huyu hanikalii mkeka wangu. Mume wangu akaleta jirani yetu anayekanyaga ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mzee wangu anaongea polepole kama anaswaga ng'ombe wagonjwa: "Huyu... miguu yake... imekanyaga ndizi tangu ujana. Mgongo... ni kitu gani." Jirani akanawa miguu, namshukuru kwa hilo. Nikalala kifudifudi, akapanda, akawa anakanyaga huku anavumisha wimbo wake ule wa pombe. Nikasikia mgongo ukilia ko.

"Umerudi," akasema mume wangu.

Haukurudi. Maumivu yalishuka toka takoni mpaka kisigino, kidole gumba kikafa ganzi.

Kesho yake tukakodi gari mpaka hospitali. Tukamkuta dada wa mazoezi ya viungo, mtoto wa Muleba, anaongea kwa upole kama anafundisha komunyo: "Bibi, kati ya pingili na pingili za mgongo kuna kitu laini, kama kimto. Chako kimetokeza pembeni, kinagusa mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni."

"Kama ndizi iliyobanwa ikapasua ganda," nikasema.

"Hivyo hivyo bibi. Sasa nani amekubana?"

Mume wangu akatazama dirishani. "Alikanyagwa," akasema.

"Na gari?"

"Na jirani."

Dada akajifanya anakohoa. Akasema wengi wanapona bila kupasuliwa. Nitembee kidogo kidogo, nisibebe mkungu, nikiokota kitu nikunje magoti, nisikunje kiuno. Mguu ukilegea au mkojo ukinitoka wenyewe, nirudi haraka. "Na mtu asipande tena huo mgongo."

"Na magoti ya wakwe?"

"Piga, bibi. Mgongo tu unyooke."

Siku ikafika. Nikapiga magoti mkekani na fimbo, mgongo wima kama nguzo ya umeme. Kwetu anayepokea wakwe anainamisha kichwa, macho chini. Mimi nikatazamana na mzee wao uso kwa uso. Wakakunja nyuso, wanadhani nimewadharau.

Wifi akaninong'oneza nyuma: "Inama wewe. Unatuharibia posa."

"Nikiinama utanibeba?"

Bibi yao, mama mnene wa Kyerwa, akanichunguza. Halafu akashuka mkekani kunikabili, mgongo wima vile vile.

"Kiuno?" akauliza kwa siri.

"Kiuno."

"Nani alikuharibu?"

"Mkanyaga ndizi."

"Mimi aliniharibu mnyoosha viungo, ng'ambo ya mpaka wa Murongo. Nilimpelekea kiuno, akanivuta shingo."

Tukacheka, na kucheka kunauma, tukashikana mabega. Mzee wao akaona bibi yao anacheka, naye akalegea, akaanza maneno ya posa. Kuinuka tulishindwa wote wawili. Posa ikapita juu ya vichwa vyetu, na ilipofika zamu yangu kuitikia, nikaitikia pale pale chini.