Bimbashi wa Ghala la Mahindi

Vyeo nilifundishwa kwa fimbo. Babu yangu, ambaye baba yake aliletwa Uganda kutoka Sudani akiwa na bunduki begani, alikuwa akiniketisha kwenye mkeka nyuma ya nyumba yetu Jinja na kunitaka nivipande kimoja kimoja: ombasha, shaushi, bash-shaushi, sol, yuzbashi, bimbashi. Nikiruka kimoja, nachapwa fimbo moja. Nikivirudia kwa kinyume bila kukosea, napewa kipande cha sukari guru. Serikali ilikuwa imeshabadilisha majina hayo kuwa koplo, sajini na meja kabla hata baba yangu hajaoa, lakini nyumbani kwetu hakuna aliyeiarifu fimbo.

Babu mwenyewe aliishia ombasha. Ndiyo maana, nadhani, alilitamka neno bimbashi kama mtu anayetaja chakula alichowahi kukiona kikipelekwa meza ya jirani.

Baadaye, sekondari, niliongeza vyangu. Nilimpenda Mujasi, mkuu wa askari wa Kabaka, mfalme wa zamani wa Buganda, na zaidi yake Gabunga, aliyeamrisha mitumbwi yote ya vita ziwani. Nilikuwa natoroka shule nakwenda kukaa gatini Jinja nikijiona Gabunga, natuma mitumbwi mia kwenda kuchoma kijiji fulani cha ng'ambo. Neno Kyabazinga, yaani mfalme wa Busoga, nililipenda kwa jinsi wanawake wa soko la Buwenge walivyoshusha sauti wanapolitaja. Mbale nikakuta Umukuuka, mkuu wa Wamasaba, neno zito linalojaza kinywa. Nimehama miji mingi, nimeuza mitumba, nimelinda mageti, nimeosha malori, na kila nilikofika niliuliza kwanza, kabla ya kuuliza chumba: mkubwa wa hapa zamani aliitwaje?

Mapenzi haya yalikuwa hayajamdhuru mtu mpaka nilipopata kazi ya kupakia mahindi Mbale, kwenye ghala moja la eneo la viwanda.

Tulikuwa watu kumi na wanne. Asubuhi malori yalifika, mengine kutoka Kenya, na sisi tukapakua au kupakia magunia ya kilo mia mpaka jua linaposhuka nyuma ya mabati. Kundi lilijiendesha kijeshi. Hakuna aliyejua desturi ile ilianza lini. Kulikuwa na makoplo watatu, Sajini mmoja, na juu ya wote Kapteni, mwanamume wa miaka thelathini na kitu aliyewahi kupigana ngumi za mashindano Jinja. Kapteni aliamua nani abebe, nani apumzike, nani apande juu ya lori ambako vumbi linaua mapafu.

Sheria yao ilikuwa fupi. Mtu hajipachiki cheo. Lazima mwenzako akutamke nacho hadharani, kazi ikiendelea. Ukitamkwa, una njia mbili. Ukijibu "mimi raia," neno limekufa. Ukinyamaza, umekubali, na mchana uleule, kabla ya posho, ugali wetu wa mchana, kupakuliwa, unapigana na yule unayetaka kumpita. Kulabu za magunia zinawekwa chini, mikono inabaki mitupu, na hakuna kuamuliwa. Pambano linakwisha mmoja akimwita mwenzake afande. Aliyekupa cheo ndiye pekee anayeweza kukiondoa, na njia yake ni kukiri mbele ya wote kwamba alisema uongo. Mwongo hupigwa na kundi zima.

Katika sisi kumi na wanne, mmoja hakuwahi kuwa na cheo chochote. Alikuwa mzee Mmasaba, labda miaka hamsini na minane, mfupi, mwenye shingo iliyozama mabegani kwa sababu ya magunia. Miaka kumi na moja alikuwa pale. Kila walipomtania, "Koplo, njoo!" alijibu bila hata kugeuka, "Mimi raia," akaendelea kubeba. Wakamwita hivyohivyo: Raia. Raia panda juu ya lori. Raia kalete maji. Raia, ondoa mguu, maafisa wanapita.

Siku yenyewe lori la Kenya lilikuwa limeegeshwa vibaya, tairi moja kwenye mtaro. Gunia la juu liliteleza likawa linakuja juu ya kichwa cha koplo mmoja. Mzee alilidaka hewani kwa mgongo. Alipinda magoti mpaka nikadhani yamekwisha, kisha akanyooka polepole, gunia likiwa limekaa begani kama mtoto, akatembea nalo hadi ghalani.

Furaha ilinipanda. Nilimwona babu, nikaona mkeka, nikapaza sauti:

"Bimbashi!"

Kazi ikasimama.

"Nani huyo Bimbashi?" Sajini akauliza. Alikuwa mtu mrefu wa kucheka ovyo.

"Ni cheo. Cha zamani. Babu yangu alikuwa mwanajeshi, ndiye aliyenifundisha."

"Kikubwa?"

Hapo ningeweza kusema kidogo. Ningeweza kusema ni kama koplo, watu wakacheka, mchana ukaenda. Lakini niliulizwa kitu ninachokijua, na katika maisha yangu ni mara chache nimeulizwa kitu ninachokijua.

"Bimbashi ni mkuu wa watu elfu moja," nikasema.

"Na kapteni?"

"Kapteni ni yuzbashi. Watu mia."

Sajini alipiga kofi moja la furaha. "Kapteni! Umesikia? Wewe mia, huyu mzee elfu!"

Kapteni alikuwa amekaa kwenye gunia anatafuna muwa. Alitema makapi, akamtazama mzee, tena bila hasira.

"Raia, sema maneno yako, tuendelee na kazi."

Mzee alikuwa mlangoni mwa ghala, bado anahema. Alijifuta uso kwa kiganja. Tulingoja. Alichukua kulabu yake, akaiweka chini taratibu, akarudi kwenye lori kubeba gunia lingine. Hakusema kitu.

Nilimfuata nyuma ya lori.

"Mzee, sema wewe ni raia, yaishe. Mimi nilikuwa nacheza tu."

"Ulisema watu ngapi?"

"Elfu moja. Mzee, nakuomba."

"Mimi tangu nazaliwa sijawahi kusikilizwa na hata mtu mmoja. Ng'ombe wangu nikimwita, yeye nakwenda upande mwingine." Akacheka, akaonyesha meno yake, yote yakiwa mahali pake. "Leo wewe nanipa elfu. Usiniondolee."

"Yule atakuua."

"Basi ataua bimbashi."

Bado nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusimama katikati ya uwanja nikasema nilidanganya. Niliwatazama wale watu kumi na wawili, mikono yao, viatu vyao vya mpira, nikaamua kwamba mzee ana akili zake na kauli ni yake. Nilijiambia hivyo saa mbili nzima huku nikibeba.

Walipigana kati ya malori mawili, jua likiwa utosini, miamba ya mlima Wanale ikituangalia kutoka juu. Ngumi ya kwanza ya Kapteni iliingia mdomoni. Mzee alitema jino, akalitazama kidogo, akaingia na kichwa chini kama mtu anayesukuma mkokoteni. Alimpata Kapteni mara moja chini ya mbavu, na nilisikia pumzi ikimtoka. Hiyo ndiyo ngumi pekee iliyofika. Baada ya hapo Kapteni alikumbuka ufundi wake. Alimpiga jichoni, alimpiga sikioni, alimpiga tumboni na mzee alipoinama akampiga tena sikioni. Mzee akaanguka. Akainuka. Akaanguka, akainuka na mchanga umegandia kwenye damu. Mara ya tatu taya lilivunjika. Mlio wake ulikuwa kama muwa unapovunjwa kwa goti, na kidevu kikaenda upande ambao hakikupaswa kwenda.

Vifijo vilikoma hapo.

"Mzee, sema," Kapteni akasema. "Neno moja tu, twende tule."

Mzee alitikisa kichwa, taya likining'inia.

Kapteni akapiga. Safari hii aligumia yeye. Vifundo vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimepasuka kwenye fuvu. Akapiga kwa kushoto. "Sema! Nyinyi, mwambieni aseme! Huyu anataka nifungwe?" Alikuwa anatugeukia mmoja mmoja, macho yamejaa machozi, na sisi tulitazama chini. Mimi nilitazama chini kuliko wote. Mzee alitambaa, akashika suruali ya Kapteni, akaanza kujivuta juu kwa mikono, pindo hadi goti, goti hadi mshipi, mpaka wakawa kifua kwa kifua. Kapteni aliinua ngumi. Ilikaa hewani. Kisha ikashuka yenyewe.

"Afande," akasema.

Mzee akamwachia, akaanguka chali.

Tulimpeleka hospitali kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemshikilia, damu yake ikiniloanisha shati mpaka kwenye ngozi. Walimfunga taya kwa waya. Sikio la kushoto, daktari alisema, tusilitegemee tena.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mkewe kando ya kitanda. Alikuwa mwanamke mwembamba, kitenge kimefungwa kwapani, anamnywesha uji kwa mrija.

"Wewe ndiye wa bimbashi?"

"Ndiyo, mama."

Aliweka kikombe chini kwa uangalifu, usimwagike, akanipiga kofi lililonizungusha. Mgonjwa wa kitanda cha pili akafumbua macho.

"Miaka kumi na moja," akasema. "Kila jioni alirudi kwangu na meno yake. Unafikiri hakuwa na nguvu ya kupigana na wale watoto? Nilimwapisha. Nilimwambia, waache wakuite raia, wakuite mbwa, mimi nakutaka mzima. Akanisikia. Wewe una wiki ngapi pale?"

"Tatu."

"Wiki tatu!"

Hapo kundi likaingia. Walikuja kumi na mmoja, wote isipokuwa Kapteni, na machungwa kwenye mfuko wa plastiki. Walijipanga miguuni mwa kitanda, visigino pamoja, wakasema kwa sauti moja, "Shikamoo, Bimbashi." Nililiona jicho moja la mzee, lile lisilovimba. Lilikuwa linang'aa. Aliinua mkono wake wa kulia, ukapanda mpaka kwenye bandeji ya kichwa, ukatulia pale katika saluti. Sijapata kumwona mtu mwenye furaha namna ile, na mkewe aliona nilichokiona, akageukia dirisha.

Walipokuwa wanatoka Sajini alinivuta pembeni. Alikuwa anamenya chungwa moja aliloliwahi.

"Daktari amesema lini atatoka?"

"Wiki sita."

"Vizuri. Akirudi tu, mimi wa kwanza. Elfu moja si mchezo, ndugu yangu. Nimeshawaambia koplo wawili wanitamke."

Hakuwa na ubaya. Alisema kama mtu anayewahi kiti.

Mke wa mzee alikuwa amesikia. Alinifuata hadi barabarani, akanishika mkono juu ya kiwiko, vidole vikaingia.

"Atarudi," akasema. "Namjua. Akiwa na hicho kitu atarudi hata kwa magoti, na huyo mrefu atammaliza. Nenda kakiondoe."

"Mama, yeye mwenyewe hataki."

"Sikukuuliza yeye anataka nini."

Nilikwenda siku ile ile, saa ya posho, ili wote wawepo. Kapteni alikuwepo pia, mkono umefungwa kitambaa, amekaa peke yake. Nilisimama kati ya malori.

"Niliwadanganya," nikasema. "Hakuna cheo kinachoitwa bimbashi."

"Si ulisema babu yako alikuwa mwanajeshi?" Sajini akauliza.

Nilikuwa nimejiandaa kukana neno. Babu sikuwa nimemfikiria.

"Hakuwa mwanajeshi. Alikuwa mpishi. Nilizua."

"Umezua elfu moja?"

"Nilizua yote."

Walianza na viatu. Nilijikunja, nikafunika kichwa, mtu akanivuta mikono, mwingine akanikalia miguu, na kamba za magunia zikafanya kazi mgongoni. Sajini ndiye aliyekuwa na ghadhabu kuliko wote, maana mimi nilikuwa nimemwibia cheo ambacho hata hakuwa amekipata. Ubavu mmoja ulivunjika. Kidole changu kidogo cha kushoto kilikanyagwa mpaka leo hakinyooki. Walipochoka, Kapteni aliinuka, akaja polepole. Kisha akanipiga teke moja tumboni.

"Hiyo ya mkono wangu," akasema, akarudi kukaa.

Dereva mmoja wa Kenya aliyekuwa anaelekea Kampala alinipandisha lori lake. Tulipofika njia panda ya Tirinyi ndipo aliponitazama vizuri.

"Bro, umegongwa na trela?"

"Nimeanguka."

"Uko na bahati, hiyo ngazi ilikuwa na watu wengi." Akabadilisha gia. "Lakini niambie ukweli, hiyo stori nimeisikia pale ghalani. Hiyo cheo haiko?"

Nilimwambia haipo. Ningeweza kumwambia ukweli yeye, asiye wa kundi, mtu wa njia. Lakini angesimulia kwenye kila ghala, neno lingerudi Mbale kabla ya wiki kuisha. Kwa hiyo nilimwambia babu yangu alipika ugali wa askari, wala hakuwa mpishi mzuri.

Sasa naishi Budondo, karibu na Jinja, kwa dada yangu, nafuga kuku. Tangu niondoke kwetu, ni mahali nilipokaa muda mrefu kuliko pengine popote. Mwezi uliopita yule dereva alipita Jinja, akanipigia simu nimfuate kituo cha malori. Mzee alirudi kazini, akasema. Hasikii vizuri, kwa hiyo hapandishwi tena juu ya lori. Anafagia mahindi yaliyomwagika na kushona magunia yaliyopasuka. Hakuna anayempiga. Jina langu likitajwa anatema mate, na ukimuuliza kwa nini, anasema kuna mwizi mmoja wa Jinja, akimpata atamvunja taya.

"Lakini mke wake amekutumia hii."

Ilikuwa furushi la malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani yaliyokaushwa kwa moshi, limefungwa kwenye jani la mgomba na kukazwa kwa kamba ya gunia. Niliyaloweka usiku kucha kama inavyotakiwa, nikayapika kwa karanga. Dada aliuliza yametoka kwa nani. Nikamwambia kwa mke wa mzee mmoja, raia.