Sentimita Saba kwa Nne

Siku ya kwanza Chanda kumwendea Ngalula, alichukua kilo mbili za sukari, kwani mtu haendi sokoni mikono mitupu. Chanda alikuwa muuza matairi ya mitumba huko Ruashi. Alianza na jeki ya kuazima, akafika kumiliki banda la mabati na mashine mbili za upepo, na njia nzima hiyo alikuwa hajakutana na bei isiyoshuka.

Safari hii alitaka kununua karatasi. Mdogo wake, Michée, alikuwa mpakuzi wa mapipa ya asidi katika kampuni moja ya madini. Pipa likavuja, asidi ikamla mguu wa kushoto juu ya kifundo. Kampuni ilikubali kumlaza kwenye hospitali yake na kumpandikiza ngozi, mradi iletewe karatasi ya muuguzi aliyekiona kidonda wa kwanza. Bila ngozi hiyo, kovu lingevuta mguu na Michée asingekanyaga sawasawa tena maishani.

Muuguzi aliyekiona wa kwanza ni Ngalula. Wazazi wake walitoka Kasai, yeye alizaliwa Lubumbashi, na kwa miaka kumi na tisa hakuwa na kazi nyingine ila chumba cha pansema katika kituo cha afya, chumba cha kuosha vidonda na kuvifunga. Alikuwa na utaratibu wake. Kwanza aliuliza, bila kugomba, "Mulipaka nini?" Kisha aliosha, akaandika kilichotoka. Halafu alipima urefu, upana na kina kwa ukanda wa karatasi, akautupa, akakata mwingine kwa mgonjwa anayefuata. Mwishoni aliandika sababu pamoja na namba yake kutoka orodha iliyobandikwa ukutani, maana kuungua kwa moto kuna namba yake na kuliwa na asidi kuna yake. Wenzake walifunga vidonda vitatu, yeye kimoja.

Chanda akaweka sukari mezani, kidole juu ya buku la kuandikia vidonda.

"Mama Ngalula, hii mistari mbili inatuua. Hapa umeandika tulikuya siku ya tatu. Hapa tena, dawa ya meno. Bakubwa ba kampuni batasema siye njo tuliharibisha muguu."

"Mulipaka dawa ya meno?"

"Tulipaka. Kila muntu anapaka."

"Mulikuya siku ya tatu?"

"Mama, tulikuwa tunangoya ipoe."

"Sasa nifute nini, Papa Chanda? Meno ao siku?"

Chanda akacheka, kwa kuwa kicheko ni ngazi ya kwanza ya mapatano, akapanda ya pili. "Basi hii sentimita saba kwa ine, ongeza. Andika kumi na ine kwa munane. Kampuni itakata nusu, tutafika palepale. Njo vile bantu bananunua."

"Weye uko unauzisha pneu," Ngalula akasema, akimsogezea mfuko. "Kidonda haina bei ya kuanzia. Na sukari peleka kwa Michée, anakonda."

Chanda alitoka pale akiwa na hakika kwamba mwanamke yule anangoja mfuko mkubwa zaidi. Hakurudi nao. Alimpata daktari mmoja mwenye chumba cha kupanga mtaa wa pili, ambaye hakuuliza mguu uko wapi. Akaandika kama alivyosomewa: kumi na nne kwa nane, kidonda safi, mgonjwa aliletwa saa ileile. Chanda aliipeleka karatasi kwa Aristote, msimamizi wa wafanyakazi wa kampuni, akakaa kitako kungoja ipunguzwe.

Haikupunguzwa. Aristote alimleta daktari wa kampuni, ambaye aliweka plastiki angavu juu ya kidonda, akachora ukingo wake kwa kalamu. Sita na nusu kwa nne.

"Siku kumi na saba tu toka aumie," Aristote akasema. "Papa Chanda, kama uko na dawa inafunga kidonda mbio hivi, tuuzishie siye. Kama hauna, hii karatasi ni uwongo."

Chanda akarudi mbio kwa Ngalula. Ngalula angeweza kumweka benchi hadi jioni, lakini alinakili ukurasa wote, siku ya tatu na dawa ya meno humo humo, akapiga muhuri. Chanda akaipeleka karatasi hiyo kwa Aristote, aliyeisoma mara mbili.

"Hii ingekuya ya kwanza, mudogo wako angekuwa kitandani tangu juma iliyopita," akasema. "Siku ya tatu, dawa ya meno, njo vile bote banafanyaka. Nani atatunga ile? Lakini sasa niko na karatasi mbili kwa muguu moja. Nikipeleka hata moja, mimi njo bataniuliza."

Hakupeleka hata moja. Aliandikia kituo cha afya kuuliza kwa nini karatasi zao zinagongana na za wengine. Mkuu wa kituo, aliyekuwa akitazamia magodoro kutoka kwa kampuni hiyohiyo, alimtoa Ngalula chumba cha pansema, akampeleka kupima uzito wa watoto. Mahali pake akawekwa Kiki, anayeandika "kidonda, mguu" na kumaliza watu arobaini kabla ya saa sita. Kiki anasifiwa mikutanoni.

Chanda alikwenda kumwomba Ngalula msamaha, akamkuta akining'iniza mtoto kwenye mizani.

"Ningekugombeza kama kugomba kungerudisha ngozi," akajibiwa. "Shika huyu miguu, asirushe."

Mguu wa Michée ulipona wenyewe, yaani vibaya. Kovu lilivuta kisigino juu, akawa anatembea kwa ncha ya vidole. Kazi ya mapipa ikapewa mwingine.

Miezi miwili baadaye Aristote alimwita Chanda. Alipenda jinsi Chanda anavyojadili bei, akasema, na kampuni inatafuta wa kuziba na kubadili matairi ya malori kumi na mawili. Chanda alijadili bei asubuhi nzima, akapata bei nzuri, akatia sahihi.

Michée aliposikia, alifunga nguo zake ahamie Kambove kwa dada yao, Dorine. Chanda alimfuata hadi kwenye gari, akataka kumbebea begi. Michée hakuliachia.