Mkungu Umekomaa, Mwanangu Hajasimama

Admin, na ninyi nyote mlioniombea mwaka jana, wakubwa shikamooni. Mnisamehe kwa kukaa kimya muda mrefu hivi. Niliwaahidi kurudi na ushuhuda, nikawa nausubiri huo ushuhuda ndipo niandike. Haujaja. Leo nimeona niandike hivyo hivyo, ila jina langu lifiche.

Nina miaka ishirini na minne, naishi Nyabiyonza, Karagwe, kwa mama mkwe. Mume wangu yuko Kyerwa anachimba bati. Mtoto wetu ni mmoja, wa kike, ana miaka mitatu. Alipozaliwa alichelewa kulia, na hadi leo hajasimama. Shingo sasa imekaza kidogo, kukaa anakaa ukimwegemeza, na akiniona anacheka mpaka mate yanamtoka.

Kosa langu nililifanya kanisani. Alipokuwa na mwaka na nusu tuliombewa mbele ya wazee wa usharika, nikajisikia moyoni nimepewa neno kwamba Mungu hatamwacha huyu mtoto. Kwa furaha nikaongeza langu. Nikasema nimepanda mgomba nyuma ya jiko, na mkungu wake wa kwanza nitauleta Jumapili ya mavuno, mtoto akitembea mbele yangu. Watu wakapiga makofi. Nilijua mgomba unachukua muda, mtoto atauwahi tu.

Ndugu zangu, mgomba ndio umewahi. Ndizi zimenenepa hadi pembe zake zimepotea, mti umeinama. Mavuno ni Jumapili ijayo. Nikiuacha mkungu utaivia pale pale uliwe na ndege. Nikiupeleka, kila mtu kwenye mnada wa sadaka nje ya kanisa ataangalia mtoto aliye mikononi mwangu.

Nilimpigia mume wangu. Hakugomba. Aliniambia tu nisimchoshe na mambo ya ndizi, nimpigie siku mtoto akitembea. Neno hilo limenikaa kifuani tangu juzi.

Mama mkwe naye alitaka tuukate tupike. Si mtu mbaya, ndiye anayemwogesha mtoto nikiwa shambani. Alikuwa anamenya ndizi, akasema bila kuniangalia, "Mungu hajakupa mtoto wa kutembea, wewe unamkimbizia mkungu wa nini? Mwache naye asubiri kidogo, aone kulivyo."

Nilicheka kweli, halafu nikalia mpaka akaacha kisu. Nilipotulia nikamwambia, "Mama, lile la kutembea nililisema mimi. Yeye alisema hatamwacha, na hajamwacha. Mkungu utaenda."

Akaokota kisu, akaendelea kumenya. Asubuhi nilikuta mgomba ameuongezea mhimili wa pili, usije ukaanguka kabla ya Jumapili.

Siwadanganyi, imani yangu imechoka kama mimi mwenyewe. Kuna siku narudi kutoka kliniki Kayanga, nimeona watoto wa umri wake wakikimbizana pale nje, na njia nzima juu ya bodaboda namwambia Mungu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Lakini namwambia Yeye. Sijapata mwingine wa kumwambia.

Sasa nishaurini jambo hili moja. Pale mnadani wakiniuliza, "Kwani amesimama?" niwajibu nini, nisidanganye na nisimwaibishe Mungu?

Dada wa Bugene uliyetuma shuka na unga wa lishe, vilifika, ubarikiwe. Bado nahitaji kiti kidogo chenye mkanda wa kifuani, hata kilichotumika. Nahitaji viatu vigumu vinavyopanda juu ya kifundo, mguu wake ni sentimita kumi na tatu, nimepima kwa rula. Mama yeyote aliyelea mtoto kama huyu anitumie sauti anisimulie wake alisimama lini, na kama hakusimama aniambie pia, nitasikiliza.

Na mlio karibu, mnitumie mtu mmoja Jumapili asubuhi. Mwanangu mwili unakakamaa, mgongoni hakai, lazima nimshike kwa mikono yote miwili. Nahitaji wa kunibebea mkungu.