Kofia ya Maua ya Bamia

Mama yangu aliwagawa wanawake mafungu mawili: wanaoshona na wanaochezea udongo. Yeye alikuwa fungu la kwanza, mimi la pili, na kila alipozitazama kucha zangu alishusha pumzi kwa sauti ili nimsikie. Tulikaa Tanga mjini, Usagara, na mtaa mzima ulijua kwamba kofia aliyoishona mama haijapata kukosa kichwa. Wanaume walikuja barazani wakamwamkia shikamoo hata wale waliomzidi umri, ili tu awashonee kabla ya Idi.

Mimi ufalme wangu ulikuwa uani. Si mahali pakubwa, ukitandika mikeka mitatu pamekwisha, lakini nilipanda chochote kilichokubali kusimama. Mchicha ulikaa kwenye debe la mafuta ya taa lililotoboka, nyanya kwenye chungu kilichopasuka, rehani kwenye karai lisilo na vishikio. Bamia nilizipanda nyuma ya choo na, sioni haya kusema, hapakuwa na bamia kama zile mtaani petu. Mmung'unye niliuparamisha juu ya uzio wa makuti. Vipande vya kamba na nyuzi vya kufungia mimea nilivitundika kwenye msumari kando ya mlango wa uani, na msumari huo ndio ulioniponza.

Nilipotimiza miaka kumi na saba ilikuja posa kutoka Muheza. Mchumba mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa machungwa, akiyanunua mashambani, akiyatia magunia na kuyaleta mjini kwa treni. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, kwa upenyo wa dirisha, naye amenipa mgongo. Mgongo ulinipendeza.

Kwetu ilikuwa desturi bwana harusi aoe akiwa amevaa kofia aliyoshonewa na bibi harusi kwa mkono wake mwenyewe. Mama mtu haruhusiwi kutia hata shono moja. Na kwa kuwa bibi harusi hana ruhusa ya kumkaribia mchumba, sembuse kumshika kichwa, upande wa mume huleta kipimo. Basi shangazi wa mchumba akaja siku moja na kitambaa cha mkononi. Ndani yake mlikuwa na kigwe cheupe cha pamba kilichopigwa fundo. Kutoka ncha hadi kwenye fundo ndiyo duara ya kichwa cha mtu wangu.

Mgeni alipoondoka mama alinikabidhi kile kigwe kwa mikono miwili.

"Hiki ni kichwa cha mtoto wa watu," aliniambia. "Kikipotea watasema tumekipeleka kwa mganga ili tumtawale. Harusi itavunjika, na mimi kofia hatonipa mtu kushona tena. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Nilisikia kweli. Nikakitundika mahali ambapo nisingekisahau, mahali nilipopita kila siku. Msumarini.

Kazi yenyewe ilinitoa machozi. Kofia ya mkono ni vipande viwili vya bafta, ukanda wa kuzunguka kichwa na kifuniko cha juu. Unachora maua kwa penseli, unatoboa vitobo kwenye mistari, kisha kila kitobo unakizungushia uzi mpaka kikae wazi na imara. Vitobo vyenyewe huvimalizi. Na mimi kuchora sikujua. Waridi langu la kwanza mama alilitazama kwa muda akauliza kama ni kaa.

Nilikwenda uani kununa. Nikiwa huko, nikichuma mboga ya mchana kwa hasira, nikakata bamia moja iliyokomaa katikati, na pale kwenye mkato nikaona ua. Lina vyumba vitano, limejipanga sawasawa, wala halikumwomba mtu penseli. Nilizikata nyingine tatu, nikazianika juani hadi ute ukauke, kisha nikazichovya kwenye buluu ya kufulia na kugonga juu ya kitambaa kibovu. Ua likatoka. Nikagonga la pili na la tatu, yote sawasawa. Nikaingia ndani mbio na kitambaa.

Mama alikigeuza huku na huku. "Umechora wewe?"

"Imechora bamia."

Alicheka mpaka akaweka sindano chini, jambo ambalo hakulifanya hata akizungumza na wageni. Kisha akasema nigonge ukanda mzima, na buluu itatoka kwenye maji. Tangu siku hiyo sikusukumwa tena. Nilishona kwa miezi mitano, ukanda ukiwa bado mrefu kuliko unaotakiwa, maana kofia hufungwa na kukatwa mwisho, kipimo kikiwa mkononi.

Masika yalipokuja, upepo ukauangusha uzio pamoja na mmung'unye wangu uliokuwa na mamung'unye manne manene. Mama alikuwa msibani. Nilitoka na khanga kichwani, mvua inanichapa, nikapapasa msumarini nikakamata konzi ya nyuzi, nikafunga huku na kule, nikaokoa mamung'unye yote manne. Nilijisifu sana siku ile.

Siku ya nne mama akasema, "Haya, mwanangu, lete kigwe tufunge kofia."

Nilifika msumarini nikaona msumari. Nikatazama chini, nikatazama nyuma ya mlango. Kisha nikaufuata uzio kipande kwa kipande hadi nikakiona: kimeshikilia mung'unye kubwa kuliko yote, kimelowa, kimenyooka kwa uzito. Nilipokifungua kilikuwa na mafundo matatu. Moja lilikuwa la shangazi. Mawili yalikuwa yangu. Yote matatu yamekazwa na mvua, hakuna la kulitofautisha na jingine.

Ningeweza kumwambia mama. Lakini nikayakumbuka maneno yake ya mganga, nikaiona harusi imevunjika na baraza yake imebaki tupu, yote kwa sababu ya mung'unye. Nikayatazama mafundo, nikachagua lililo mbali kabisa na ncha. Nilijiambia mwanaume mwenye biashara ya treni hawezi kuwa na kichwa kidogo. Mafundo mengine nikayafungua kwa meno.

Mama alikizungusha kigwe kwenye goti lake akakunja uso. "Kichwa hiki! Watu wa Muheza wanakula nini?"

"Machungwa," nikasema.

"Haya. Kipimo chao wenyewe." Akanielekeza pa kukata, nikakata.

Asubuhi ya harusi kofia ilipelekwa nyumba aliyofikia bwana harusi, imefuliwa, imetiwa wanga, imewekwa kwenye sinia la asumini. Aliyeibeba ni shangazi yangu. Mimi nilikuwa ndani, nimepakwa hina miguu na mikono, siwezi hata kujikuna, nikisubiri watu waanze kucheka. Nilimwomba Mungu mambo ya ajabu. Nilimwomba akikuze kichwa cha mja wake kabla ya alasiri.

Shangazi alirudi anapiga vigelegele tangu mlangoni. "Imemkaa! Imemkaa utadhani kazaliwa nayo!"

Mama aliinua mikono akashukuru, kisha akalia. Mimi nilijiegemeza ukutani na hina yangu, nikaharibu khanga ya watu. Nikaamini kwamba nililichagua fundo la kweli, na kwa miaka miwili niliendelea kuamini.

Nikahamia Muheza. Mume wangu alikuwa mpole, mcheshi kidogo, tena alinipa eneo lote la nyuma ya nyumba nilime nipendavyo. Kitu kimoja tu kilinikera. Ile kofia alikuwa akiifua mwenyewe. Kila Alhamisi, kwa ajili ya Ijumaa, aliichukua na kabeseni kadogo akaenda kuifulia bafuni, mlango umefungwa, kisha akaianika na kuiweka juu ya kabati nisikofika. Nikimwambia nipe, anajibu, "Acha, bibie, hii kazi yangu." Kanzu zake nafua mimi, mashuka nafua mimi, kofia niliyoishona kwa macho yangu ananyimwa nani? Mimi! Nilinuna Alhamisi nyingi. Nilifikiri haniamini, au ana siri na Mungu, kwa sababu alikuwa na alama kwenye paji la uso, na majirani waliniambia nina bahati, mume wangu anasujudu sana. Nikajivunia ile alama.

Jumatano moja mchana ilikuja habari kwamba mjomba wake amefariki Mwera, kule Pangani. Aliondoka moja kwa moja kutoka kwenye magunia, na kofia ya kazi kichwani. Kesho yake nikavuta kiti mpaka kabatini. Nilitaka kumwonyesha kofia inavyofuliwa.

Nikaipindua.

Ndani, kuzunguka ukanda wote, palikuwa na utepe wa kitambaa kinene, umekunjwa mara tatu, umeshonwa kwa uzi wa katani. Uzi wa magunia! Mashono yenyewe yalikuwa marefu kama kidole, mengine yamepanda, mengine yameshuka, na fundo la mwisho lilikuwa kubwa kama punje ya hindi, pale pale panapogusa paji la uso. Nilikaa juu ya kiti nilichokuwa nimekisimamia. Nilicheka kwanza. Kisha nikashika uso nikalia.

Aliporudi, baada ya pole na chakula, niliiweka kofia mbele yake, ndani imegeuzwa nje.

"Nani kashona hapa?"

Aliitazama kofia, akautazama mlango. "Fundi mmoja wa Muheza."

"Fundi gani huyu hajui hata kupiga bandi, shono la mwanagenzi?"

"Fundi wa magunia," akasema, na aibu ilimjaa hadi masikioni.

Akaniambia yote. Kofia ilimshuka mpaka puani. Shangazi zetu wote wawili walikuwa nje ya chumba wanauliza imekaaje. Akawaambia anasali rakaa mbili, akafunga mlango, akachana pindo la shuka la mwenyeji wake, akatoa shazia yake ya kushonea magunia, iliyokuwa haikosi mfukoni, akashona kwa haraka na bila kujua kushona nguo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kwamba binti wa fundi wa kofia hajui kupima? Siku ile ile, mbele ya watu? Wangewacheka, wewe na mama yako. Baadaye nikaona umefurahi, basi."

Nami nikamwambia habari za kigwe, mvua na mafundo matatu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kichwa changu kilifunga mung'unye."

"Lililokuwa kubwa kuliko yote."

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Siku zile nilikuwa nimekwisha kumzoea na kumheshimu, nampikia anachopenda. Lakini kumpenda, nilimpenda jioni ile, na najua hata alikuwa amekaa wapi.

Aliniomba niufumue ule ujinga wake nikate kofia upya, sasa nina kichwa chenyewe cha kupimia. Nilichukua kisu, nikaingiza ncha chini ya shono la kwanza, nikashindwa. Nikachukua bafta laini nikaufunika utepe wake kwa ndani, kwa mashono madogo ambayo mama angeyakubali, ili katani isimkwaruze tena. Yake yakabaki chini ya yangu. Baada ya miezi michache ile alama kwenye paji ikafutika, na jirani mmoja akaniuliza kwa upole kama mume wangu ameacha kusali.

Mama sikumwambia. Aliendelea kusema kofia yake haijapata kukosa kichwa, wala ya binti yake.

Alhamisi ya kwanza baada ya kuifunika katani, nilikuwa uani nafua, mikono yote kwenye povu. Mume wangu akatoka ndani na kofia. Aliinama akaitia kwenye beseni langu yeye mwenyewe, ndani imegeuzwa nje, kisha akaenda zake kwenye machungwa.