Kipima mvua kisicholowa

Wiki hii nilikuwa kijijini Muheto, matope yamemeza viatu vyangu, wakati agronome, yaani mtaalamu wa kilimo, alipokuja kusoma kipima mvua alichosimika kwenye uwanja wa kanisa. Chombo chenyewe hakina uchawi: ni mdomo mpana juu ya mrija wenye mistari. Mvua inaingia, maji yanapanda, unasoma mstari.

Agronome aliinama, akafuta miwani, akainama tena.

"Kavu," alisema. "Mwezi muzima hakuna mvua. Tutawaletea mbegu ya kuvumilia jua."

Wakulima, ambao maharagwe yao yalikuwa yanaoza kwa maji, walitazamana. Mama anayetunza ufunguo wa kanisa alijipiga kifua kwa fahari.

"Papa agronome, ni mimi naichungaka. Wingu ikitokea tu, naifunika na beseni. Kitu ya bei kama hii, mvua itaiharibisha!"

Nilidhani agronome atacheka. Aliangalia matope, akaangalia mrija, akakunja uso.

"Lakini mama, chombo haidanganyake."

Msimcheke. Nchi hii ina vipimo vingi vya hali ya wananchi, na vyote vinatunzwa vizuri, mbali kabisa na wananchi.