Chai ya Dada Yangu

Nikisikia mtu akisifu nchi kwa kutokuwa na upande katika vita vya wakubwa, damu hunichemka. Hoja zake nazijua zote. Ugomvi si wetu. Mbolea inatoka huku, ngano inatoka kule. Na wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Sawa. Lakini mpwa wangu hakuwa nyasi.

Alitoka kwao Nyaramba akiwa ameahidiwa kazi ya kulinda ghala ng'ambo. Muda si muda akamtumia mama yake picha: amevaa gwanda, ameshika bunduki, uso umemkauka. Kisha simu yake ikazimika. Dada yangu alitaka jambo moja tu, serikali imuulizie mwanawe, awe hai au maiti.

Nikafunga duka langu la Keumbu, nikamsindikiza hadi ofisi moja mjini Nyamira. Afisa aliyetupokea alikuwa na adabu nyingi, ile adabu ya mtu asiyekusudia kukusaidia. Akatueleza kwamba ukiuliza sana utaonekana unalaumu, na ukilaumu umeshachukua upande. Nikamwambia hata asiyeingilia ugomvi wa majirani humwita mtoto wake akimwona katikati ya mawe. Alimgeukia dada.

"Mama, hao watu wa huko alikokwenda mwanao ndio wananunua chai yenu. Tukiwakasirisha, hiyo chai mtauzia nani?"

Nilitaka kuipindua ile meza. Dada alinishika mkono, akauliza polepole, "Kwa hivyo ni chai yangu imewafunga mdomo?"

Afisa akaanza kupanga karatasi zake. Tukaondoka.

Tangu siku hiyo dada hajachuma hata jani moja. Huku kwetu shamba la chai likiachwa hivyo ni aibu ya ukoo mzima, na maneno yakaenea: mvivu, amerukwa na akili. Waliokuja dukani kuniomba nimkanye niliwafukuza kwa matusi, na sijutii. Michai yenyewe imekuwa miti. Ukiwa barabarani huoni nyumba yake.

Juzi nilimkuta ameketi mlangoni, jirani akimsihi akubali michai ipogolewe kabla haijaharibika kabisa. Dada alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nitaipogoa," akamwambia, "siku wataniambia mtoto wangu yuko wapi."