Mdomo wa Kikombe

Alasiri ile uani kwetu Makorora tulikuwa sita: bibi mzaa mama, mimi, wadogo zangu watatu, na binti wa jirani aliyerudi likizo kutoka chuo cha ualimu. Baba na mama walikwisha kufariki. Mimi ndiye mkubwa, nikaacha shule darasa la tatu nilee.

Kusoma na hesabu sikuwa nazo za kuwapa wadogo zangu. Nilichokiweza ni kuchora. Nilichunga majivu, nikayatandaza kwenye sinia kuukuu, tukachora kwa kidole: kata, mwiko, mbuzi ya kukunia nazi. Ukikosea unalitikisa sinia, unaanza upya. Saa ile walikuwa wangu peke yangu.

Siku hiyo tulichora kikombe cha bati. Binti wa jirani alimwamkia bibi, akachuchumaa kando yetu.

"Shoga, nikuonyeshe kitu?"

Pale juu nilipopiga mstari ulionyooka, yeye akazungusha kidole, ukawa mduara uliobanwa kama yai. Mara kikombe kikawa na mdomo. Ungeweza kutia maji.

Mdogo wetu wa mwisho alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, vikombe vyako vyote vimezibwa! Tungenywea wapi?"

"Kitakoni," akajibu kaka yake.

Bibi hakuinua macho kwenye mchele aliokuwa akichambua. "Ndiyo maana chai ya humu haiishi."

Nilicheka nao, lakini kwa wivu. Yule alikuwa na viatu, alikuwa na mama wa kumwita akale, na sasa alikuwa anawachukua na hawa.

Kesho yake walimngojea mlangoni, sinia hawakuliulizia. Alikuja na karatasi na penseli, akawafundisha likizo nzima. Mimi nilitazama kwa pembe ya jicho, nikijifunza na kumchukia kwa pamoja. Laiti angeringa! Hakuringa hata kidogo.

Siku ya kuondoka aliwaachia penseli. Sikutaka iwe bure.

"Nitakushonea mkeka," nikamwambia.

"Wa nini, shoga? Tumecheza tu."

"Nitakushonea."

Alipomaliza chuo alipangiwa kufundisha Maramba. Wadogo zangu sasa wana watoto wao, nao wanawafundisha kuchora vile alivyowafundisha yeye. Ukili wa mkeka wake, ule utepe wa miyaa, nimeusuka wote, upo darini. Kila nikishika sindano niushone, wivu ule hurudi, mkono hauendi. Ningali nadaiwa.